Joto la Maabara za Kompyuta Tunalinunua Wenyewe

Malalamiko ya walimu na wanafunzi wanaotumia maabara za kompyuta katika shule zetu za upili yanafanana: ifikapo alasiri, chumba huwa tanuri. Wa Lodwar na Garissa hulilaumu jua. Jua lina lawama zake, lakini sehemu kubwa ya joto hilo tumeinunua wenyewe kwa bei ya umeme.

Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna kisanduku cha chuma ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuushusha hadi volti 12 na chini ya hapo. Katika kuushusha, kiasi fulani hupotea kama joto. Tuseme kompyuta inahitaji wati 100. Kisanduku chenye ufanisi wa asilimia 70 kitavuta wati 143. Chenye asilimia 90 kitavuta 111. Tofauti ni wati 32, karibu nusu ya balbu ya zamani ya wati 60. Lakini katika maabara yenye kompyuta 40, tofauti hiyo hukaribia wati 1,300. Ni sawa na kuwasha hita chumbani mchana kutwa, kwa karo ya wazazi.

Hapa lugha hutuponza. Katika kauli za kila siku, ufanisi ni kufaulu. Katika fizikia ni uwiano tu wa kinachotoka kwa kilichoingia. Ndiyo maana wapo wanaodhani kwamba kisanduku cha asilimia 90 hutoa joto la asilimia 10 pekee, na kwamba zile 90 zimekwenda kazini zikaisha. Hazikuisha. Kompyuta haibebi mizigo wala haipandishi maji mlimani. Takriban umeme wote inaoupokea huishia kuwa joto, humo humo chumbani. Feni yake hulihamisha tu kutoka kwenye kasha hadi magotini mwa mwanafunzi. Kwa hivyo hata visanduku bora 40 vitamwaga kilowati 4.4, na wanafunzi 40, kila mmoja akitoa wati 100 hivi mwilini mwake, wataongeza kilowati 4.

Tangu mwaka wa 2004 ipo alama ya 80 PLUS, inayotolewa kwa visanduku vilivyopimwa na kufikisha ufanisi wa angalau asilimia 80. Sioni ni kwa nini bodi ya shule inunue kompyuta bila kuiulizia. Muuzaji akijigamba kwa wati 500 zilizoandikwa ubavuni, akumbushwe kuwa hicho ni kipimo cha uwezo wa juu kabisa, si cha ufanisi. Nazo kompyuta kuukuu za msaada hupokewa kwa hotuba na vigelegele. Bili yake haitajwi.

Hata hivyo, joto litakalosalia lazima litafutiwe njia ya kutokea. Baadhi ya madirisha ya maabara yamepigiliwa mbao kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ina msingi, lakini nondo humzuia mwizi bila kuizuia hewa. Mbao hizo ziondolewe kabla ya muhula wa kwanza, wakati jua la Januari na Februari huwa kali.