Kiwanda Kimeerevuka, Mtaro Bado Umeziba

Wasee, tuambiane ukweli. Siku hizi kampuni za vinywaji hazikosi ile video: roboti inafunga vifuniko, vihisi vinapima maji na stima, akili unde inajua mashine itaharibika kabla haijaharibika. Halafu sauti tamu inasema, "Tunatunza mazingira."

Sipingi mashine. Kihisi kikigundua bomba linavuja, maji yanaokolewa. Hiyo ni poa.

Shida iko kwa hesabu. Wanatuhesabia chupa moja: "Kila chupa inatumia stima kidogo kuliko zamani." Sawa, na chupa ni ngapi? Ukipunguza stima robo kwa kila chupa, halafu utengeneze chupa mara mbili, matumizi yako yamepanda kwa nusu. Si mambo mapya. Mwaka wa 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika hivyo kuhusu makaa ya mawe: injini zilivyozidi kuyatumia vizuri, ndivyo Uingereza ilivyozidi kuyachoma.

Na hata tuseme stima imepungua kweli. Stima nyingi ya Kenya tayari inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mimi nauliza chupa inaenda wapi. Mvua ikinyesha Nairobi unajionea mwenyewe: mtaro umejaa plastiki, maji yameingia kwa nyumba za watu. Na anayeokota hizo chupa pale Dandora hana roboti. Ako na gunia, na analipwa kwa kilo.

Sasa niambie: mashine inayohesabu kila chupa ikitoka kiwandani, inashindwaje kuhesabu zinazorudi? Soda ya chupa ya glasi tumerudisha dukani miaka yote bila akili unde. Usiporudisha, unalipia chupa. Basi!

Sheria nayo iko. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inampa mtengenezaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya sisi kuitumia.

Kwa hivyo ukiona hiyo video tena, usiweke moyo tu upite. Uliza kwa komenti: mwaka huu mmetoa chupa ngapi, na zimerudi ngapi? Namba ya kwanza wako nayo hadi chupa ya mwisho. Wakikosa ya pili, hiyo video ni tangazo tu.