Nani Aanze Kukinai?

Wapo miongoni mwetu, watu wa vitabu, wampendao Laozi, yule mwenye hekima wa Uchina, kwa sababu moja tu: eti huwafundisha wanyonge kutulia. Kuwa kama maji, humwambia muuza mihogo wa Mbagala. Usishindane na mtu, nawe utaridhika. Maneno matamu haya nayakataa, si kwa kumchukia Laozi, bali kwa kuwa yeye hakuyasema hivyo.

Kitabu kinachonasibishwa naye, Tao Te Ching, kina sura 81, na nyingi katika hizo hazimsemeshi muuza mihogo. Humsemesha mtawala. Humtaka apunguze kodi, vita na amri. Na penye njaa humnyooshea kidole yule alaye ushuru kupita kiasi. Kule kutotenda kunakosifiwa si kulala. Ni kutolazimisha, kuliacha jambo lifuate mkondo wake.

Na mikondo tunayo. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini, Ilala upande huu na Kinondoni upande ule. Maji yanalijua bonde lao. Waliolisahau ni wapangaji wa mji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na wengi walionusurika wakapelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao. Wako waliorudi bondeni. Desemba 2015 nyumba zikabomolewa Hananasif na Mkwajuni, nao wakaitwa wabishi, watu wasiojua kuridhika. Hawajui! Mtu aliyetosheka na chumba kimoja karibu na kazi yake ametushinda sote kwa kinaa. Alichokosa huyo ni nauli.

Tajiri wa Masaki (naye, watu husahau, ni mkaazi wa Kinondoni hiyo hiyo) ana ua wa kutosha timu mbili za mpira, na bado anasogeza ukuta. Mbona yeye hapelekewi Laozi?

Sisemi kinaa ni uongo. Nenda Temeke jioni, uwatazame wazee kwenye bao: hapana anayemharakisha mwenziwe, na kete hupata shimo lake. Hiyo ni yao, wameichuma wenyewe. Kuipokea kama amri kutoka kwa aliyeshiba ni jambo jingine.

Kiswahili chetu kimekwisha kuyapambanua haya. Kukinai ni kuridhika. Tena ni kuchoshwa, kama mlaji aliyechushwa na chakula. Mshairi akisema amekinai, msikilizaji mwerevu hungoja ubeti ufuatao ajue ni ipi katika mbili hizo. Wahubiri wetu wa utulivu nao na wangoje vivyo hivyo, siku mtu wa Kigogo, maji yakiwa magotini, atakapowaambia: nimekinai.