Pesa ya likelemba ikivuka ziwa: wachuuzi wa Sange wanapoteza wapi?

Tangu Februari 2025, vita ilipofanya barabara ya kupanda Bukavu kupitia Kamanyola kuwa ngumu, wachuuzi wa Sange na wa tambarare nzima ya Ruzizi wanaangalia zaidi upande wa ziwa. Mali waliyozoea kuchukua Bukavu kwenye depo wanazozijua, sasa wanaifuata ng'ambo. Mwenye makuta kidogo anaishia Bujumbura. Mwingine anapanda boti Kalundu mpaka Kigoma, na wachache wanafika hadi Kariakoo, Dar es Salaam. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa. Bukavu wakikupa kitu kibovu, wiki ijayo unarudi kwa mwenye depo, mnagombana, mnapatana. Ng'ambo hakuna wiki ijayo. Mara nyingi nauli ya kurudi inapita hasara yenyewe.

Na hiyo pesa mara nyingi si ya mchuuzi peke yake. Ni ya likelemba, ni deni, au ni ya shemeji aliyeuza mbuzi. Ndiyo maana ninasema shida yetu ya kwanza si mwizi. Ni haraka. Boti inaondoka saa kumi, watu nyumbani wanangoja, basi unalipa kitu ambacho hujakijaribu.

Ninalijua hilo kwa mwili wangu. Miaka michache iliyopita nilinunua paneli ya jua Kigoma, kwa zamu ya likelemba ya mke wangu. Nyuma yake imeandikwa wati 300. Muuzaji akaniandikia bei kwenye kipande cha daftari, bila jina la duka, bila muhuri. Kufika Sange, haijazi betri hata siku ya jua kali. Fundi mmoja ndiye alinifundisha hesabu ambayo ningeijua kabla: jua la mchana likipiga mita moja ya mraba linaleta karibu wati 1,000, na paneli nzuri inageuza kama sehemu ya tano tu kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa wati 200 na kidogo. Paneli ya wati 300 ya kweli inakaribia ukubwa wa mlango. Yangu niliibeba kwapani toka dukani mpaka botini, na sikujiuliza kitu! Leo inafunika banda la kuku.

Tangu siku hiyo siondoki dukani bila kupima. Simu, bonyeza *#06#: namba inayotokea kwenye kioo lazima ilingane na ile ya kwenye boksi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Tanzania ilizima simu feki kwenye mitandao yake. Mtu anaweza kujiuliza zile zilizobaki madukani zilienda wapi. Mimi ninaangalia masoko yetu na ninakuwa na wasiwasi. Kitenge nacho, usiamini maandishi ya pembeni peke yake. Jina la Vlisco, kampuni ya Uholanzi, linachapwa pia kwenye vitambaa ambavyo havijawahi kuiona Uholanzi. Geuza kitambaa: waksi ya kweli ina rangi pande zote mbili karibu sawasawa. Halafu fungua na upime urefu wote, maana yadi sita za kwenye karatasi zinaweza kuwa tano na nusu mkononi.

Sasa tuje kwenye makuta yenyewe, kwa sababu wengine wanapigwa kabla hawajanunua chochote. Mwezi wa Juni 2023 Benki ya Burundi, BRB, iliondoa kwenye mzunguko noti za franka 5,000 na 10,000 zilizotolewa mwaka 2018, na wananchi walipewa siku kumi tu za kuzirudisha. Noti ya namna hiyo ukipewa leo mpakani Kavimvira ni karatasi tu, hata kama si feki. Kama huzijui zile mpya, mwombe mtu unayemwamini akuonyeshe kabla ya kuvuka. Dola nazo, uchunge chenji. Ukipewa dola yenye kukatika kidogo pembeni, hapa Sange hakuna atakayeipokea, unajua mwenyewe.

Upande wa Tanzania kuna jambo ambalo wengi wetu hatujalizoea. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni za kule zinakataza kupanga bei na kulipana kwa pesa za kigeni kwa mali na huduma za ndani ya nchi. Dola yako ibadilishe benki au kwenye duka lenye ruhusa, ulipe shilingi. Kijana anayekufuata bandarini au Kibirizi na kukuahidi bei nzuri kuliko benki, jiulize faida yake inatoka wapi.

Hata mdomo wetu unatuuza. Kwetu wengi husema "kuuza" kwa maana ya kununua, na "kuuzisha" kwa maana ya kuuza. Ukiingia duka la Kariakoo ukasema "nataka kuuza viatu", kwanza wanacheka, pili wanajua umetoka mbali na hujui bei. Sema "nataka kununua", na uulize maduka matatu kabla ya kutoa pochi.

Mwingine wa kuangalia ni komisioneri anayesema kwamba kwa kuwa Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, yeye atakupitishia mali bila ushuru, umpe tu kitu kidogo cha karatasi. Karatasi ya asili ya bidhaa inahusu mali iliyotengenezwa ndani ya nchi za jumuiya. Simu ya China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imelala Kigoma siku mbili. Hicho kidogo kinaenda, na ukifika Kalundu DGDA na OCC wanakungoja palepale.

Hapo ndipo risiti inakuwa na uzito. Tanzania muuzaji anatakiwa kutoa risiti ya mashine, na mnunuzi naye anatakiwa kuidai. Wengine watakuambia bila risiti bei inashuka. Inashuka kweli. Lakini ukifika duani bila fakture, mkaguzi ndiye anakadiria thamani ya mzigo wako, na makadirio yake hayatakufurahisha. Kama mali ni mbovu na unataka kushitaki, polisi au Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulika na bidhaa bandia kule, wataanza na swali moja: ulinunua kwa nani? Kipande cha daftari kama changu hakijibu. Piga picha ya risiti na ya mlango wa duka, uitume nyumbani siku ileile, kwa sababu karatasi inaweza kulowa ndani ya boti. Na namba ya mzigo iandike wewe mwenyewe, kwa wino usiotoka, kabla haujapakiwa pamoja na ya wengine.