Mji wa bahari wakati wageni wamekwenda



Juma hili tunawaletea habari za matembezi. Katikati ya mwezi wa kwanza tulikwenda Blankenberge, mji mdogo wa Ubelgiji ulio kando ya Bahari ya Kaskazini. Tulikuwa wamama sita na watoto tisa. Wengi walituuliza: mnakwenda kufanya nini kwenye bahari wakati wa baridi? Jibu lilikuwa fupi. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Kasongo katika Maniema, anakaa kule na kufanya kazi katika nyumba ya wazee. Mwezi wa saba na wa nane hakosi wageni, maana kila mtu anapenda kulala karibu na bahari. Kuanzia mwezi wa kumi mlango wake haugongwi tena. Chama kikaona ni vizuri kumtembelea wakati huo ambapo hakuna anayekwenda.

Kwa wale wasioujua mji huu, tueleze kidogo. Zamani ulikuwa kijiji cha wavuvi. Reli ilipofika mwaka 1863, watu wa miji mikubwa wakaanza kuja kuoga baharini, na hoteli zikajengwa moja baada ya nyingine. Leo wakaaji wake ni kama elfu ishirini tu, lakini siku za joto huwezi kupata mahali pa kutandika kitenge kwenye mchanga. Kuna daraja refu la saruji linaloingia ndani ya bahari mita 350, lililojengwa mwaka 1933, na watu hutembea juu yake hadi mwisho kutazama mawimbi. Kutoka Brussels treni inapita Gent na Brugge, na safari ni saa moja na nusu hivi. Watoto wasiofikisha miaka 12 hawalipi wakiwa pamoja na mtu mkubwa. Hilo ni jambo la kukumbuka kwa jamaa yenye watoto wengi.

Kutoka stesheni mnaingia moja kwa moja katikati ya mji. Barabara kubwa ya magazini inaitwa Kerkstraat, inaanzia karibu na stesheni na kwenda mpaka kwenye ngazi zinazopanda kuelekea bahari. Siku za joto mtu hutembea hapo akisukumana na wengine kama katika soko la Kadutu siku ya jumamosi. Sisi tulitembea katikati ya barabara, watoto wameshikana mikono, na hatukumzuia mtu. Magazini kadhaa zilikuwa wazi kwa sababu mwezi wa kwanza ni mwezi wa kupunguza bei. Nyingine zilikuwa zimefungwa, na kwenye vioo wamebandika karatasi: tumefunga kwa mapumziko ya mwaka, tutafungua mwezi wa pili. Viti vya mikahawa vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa mnyororo. Huko juu, kwenye barabara ya bahari, majumba marefu ya gorofa yalikuwa yameshusha pazia za dirisha kutoka chini hadi juu. Ni nyumba za vakansi, wenyewe wanakaa kwingine.

Hapo ndipo mtoto mmoja wa miaka saba, aliyefika kutoka Goma mwaka jana, alimvuta mama yake mkono na kuuliza kwa sauti ndogo: «Mama, watu wa hapa wamekimbia vita?»

Tulisimama wote. Sisi tunaotoka Kivu tunajua mji mtupu maana yake ni nini. Milango imefungwa, hakuna moshi, hakuna mtoto anayecheza nje: mtu anajua kwamba jambo fulani limetokea au liko njiani. Mama yake akainama mpaka macho yao yakawa sawa, akamwambia: «Hapana, mwanangu. Hapa hakuna aliyekimbia. Wageni wamerudi kwao kufanya kazi, na watoto wamerudi masomoni. Jua likiwaka watakuja tena. Unaona ile karatasi kwenye kioo? Wameandika na siku ya kufungua.» Mtoto akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akataka asomewe ya magazini inayofuata, na inayofuata. Kila moja ilikuwa na tarehe ya kurudi. Mpaka tunafika kwenye ngazi alikuwa amezihesabu kumi na moja.

Wamama wenye watoto waliopitia kukimbia, tunawaomba mshike jambo hili. Mtoto hasemi kila siku yale anayoyabeba. Katika Brussels, katikati ya makelele, huyu hakuwahi kuuliza swali kama hilo. Aliuliza kwenye ukimya. Na jibu lililomtuliza halikuwa hotuba. Lilikuwa kitu alichoweza kukiona kwa macho yake: mlango uliofungwa na tarehe yake.

Kwenye kona moja tulipata duka la gofri lililo wazi, na ndani mama mmoja mzee wa pale. Watu wa kule wanazungumza Kiflama, lakini ukiwasalimu kwanza kwa lugha yao wanafurahi, halafu wengi wanakubali Kifaransa. Tulipouliza kwa nini amefungua siku ya baridi hivi, alicheka. Alisema miezi miwili ya joto ndiyo inayolisha mwaka mzima, lakini mtu hawezi kulala miezi kumi. Baridi ni wakati wa kupaka ukuta rangi, kutengeneza mashine, kufanya hesabu, na kuwapikia wale waliobaki. Na waliobaki ni akina nani? Wazee hasa. Watu wengi wa Ubelgiji wakiisha kupata pensheni wanahamia kando ya bahari. Wanakuja wawili, bwana na bibi. Baada ya miaka michache mmoja anakufa, na mwingine anabaki peke yake katika gorofa, watoto wako mbali. Huyo mama alisema kwamba wateja wake wa mwezi wa kwanza hawaji kwa ajili ya gofri, wanakuja ili mtu awaite kwa jina.

Tuliyafahamu maneno yake bila shida. Wamama wetu wa Bukavu wanaouza sambaza wanajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi ziwani, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki usiku wenye mwanga. Siku hizo ni za kushona nyavu na kudai madeni. Kila kazi ina mwezi wake wa giza na mwezi wake wa mwangaza. Mwenye busara haweki mipango yake juu ya siku za mwangaza peke yake.

Dada yetu alimaliza kazi yake ya asubuhi, akatukuta kwenye barabara ya bahari. Watoto wakamrukia: «Mama mdogo! Mama mdogo!» Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba vitambaa vya kichwa vilitaka kuruka. Bahari ilikuwa na rangi ya risasi, na vibanda vya kuogea ambavyo siku za joto hupangwa juu ya mchanga vilikuwa vimeondolewa vyote. Akatuambia: «Njooni, kuna kitu nataka watoto wakione. Siku za joto hawawezi kukiona, kuna watu wengi mno na aiskrimu.»

Alitupeleka mbele ya sanamu ya wanaume wawili. Ni sanamu ya mwaka 1900. Mmoja ni Joseph Lippens, luteni, na mwingine ni Henri De Bruyne, sarja, mtoto wa mji huo wa Blankenberge. Wote wawili walikuwa watumishi wa dola ya mfalme Leopold wa Pili, na wote wawili waliuawa Kasongo mwaka 1892. Ndiyo, Kasongo yetu, ya Maniema.

Dada yetu aliwaeleza watoto kwa Kiswahili, na hiyo lugha yenyewe ilikuwa sehemu ya habari, kwa sababu ilifika Kasongo pamoja na wafanyabiashara waliotoka Unguja na pwani, watu wa Tippu Tip. Hao walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Dola ya Leopold nayo ilitaka pembe na nchi. Vita vikawaka kati yao kuanzia 1892 hadi 1894. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikuwa amewashika hao wawili Kasongo. De Bruyne alitumwa mpaka mto Lomami ili azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamwambia aogelee avuke, watamlinda. Alikataa, kwa sababu Lippens alikuwa amebaki nyuma na angeuawa. Akarudi Kasongo, na huko wakauawa wote wawili. Kwa ajili hiyo akajengewa sanamu katika mji wake.

«Ni rafiki mzuri,» akasema msichana mmoja wa miaka kumi na mbili. Dada yetu akaitikia kwamba ndiyo, kurudi kwa ajili ya mwenzako si jambo dogo. Msichana akaendelea: «Na watu wa Kasongo waliokufa kwenye vita hivyo, sanamu yao iko wapi?»

Hakuna aliyemjibu haraka. Katika vita hivyo pande zote mbili zilipigana kwa mikono ya watu wa nchi, na waliokufa, kwa risasi, kwa njaa na kwa magonjwa, walikuwa kwa wingi watu wa nchi. Dada yetu alivua glavu yake, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alitaja jina la baba yake, la babu yake, la baba wa babu, na la yule aliyekuwa kijana wakati wa vita hivyo, kama alivyofundishwa na bibi yake kwenye moto wa jioni. Vizazi vinne. Baada ya hapo hakujua tena. Akawaambia watoto: «Haya ndiyo niliyopewa. Nanyi ombeni ya kwenu kwa wazazi kabla hawajasahau.» Wale wakubwa waliandika kwenye simu zao.

Tulikula kwake. Chumba ni kidogo, lakini sombe ilitosha, pamoja na ndagala alizotumiwa kutoka Uvira na fufu tuliyobeba sisi. Alituambia kwamba kazi si ngumu kama jioni. Mwezi wa kwanza jua linachomoza karibu saa tatu ya asubuhi na kuzama saa kumi na moja ya jioni. Anatoka gizani na kurudi gizani. Mume wake na mtoto wao wa pili bado wako nyumbani wakingoja karatasi, na hakuna anayejua zitatoka lini. «Mlango wangu mimi bado hauna tarehe,» alisema, akimtazama yule mtoto wa Goma aliyekuwa amemsimulia hesabu zake. Hatukumpa maneno ya kumfariji ambayo hatuna. Tuliosha vyombo, tukamsuka nywele, tukaimba kidogo, tukakamata treni ya saa moja ya usiku.

Sasa, kwa jamaa zinazotaka kufanya matembezi kama haya, shauri letu ni hili. Chagueni siku ya posho au ya yenga, maana katika majuma ya baridi mikahawa mingi hufungua siku hizo tu. Vaeni watoto nguo mbili mbili na kofia zinazofunika masikio, kwa sababu upepo wa bahari unapita baridi yenyewe. Bebeni chakula cha moto ndani ya chupa ya chai. Mkitaka kuona miji mingine, kuna tramu inayofuata bahari kutoka De Panne mpaka Knokke, kilomita 67. Na kabla ya kwenda, tafuteni kama kuna mtu wetu anayekaa pale.

Hilo la mwisho ndilo tunalolitia mkazo. Dada zetu wengi wanafanya kazi ya kuhudumia wazee katika miji midogo ambako ni Mkongomani mmoja au wawili tu. Unayemjua, mlete jina lake kwa kamati kabla ya mkutano wa mwezi. Tutapanga zamu za kuwatembelea kuanzia sasa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, jamaa mbili mbili. Mwezi wa saba hawatuhitaji sana.