Mambo ya Nyumbani: Fao la Aliyekosa Kazi



Mwezi uliopita ilinifikia barua ya mama mmoja wa Laela, katika uwanda wa Ufipa, ambaye hakupenda jina lake litajwe, nami nimemtimizia. Aeleza kwamba mwanawe alikuwa akilinda ghala la mahindi mjini Sumbawanga kwa muda wa miezi 20, kisha mwajiri wake akampunguza kazini pamoja na wenzake sita, kwa kuwa biashara ilikuwa imerudi nyuma. Kijana akasikia kwamba mtu aliyekosa ajira ana fao lake. Akaenda kuliomba, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa karatasi fulani haipo. Akaileta, akaambiwa jina lake halilingani na lililoandikwa daftarini. Sasa ni mwezi wa nne, na kila safari ya kwenda mjini ina nauli yake.

Mama yule auliza: "Je, mzee wangu, mwanangu aendelee kudai, au huku ni kuomba-omba? Baba zake wadogo wamwambia aache, ashike jembe, kwani riziki hutoka kwa Mungu."

Nimekaa na barua hii siku nyingi, kwa sababu najua nyumba nyingi zina kijana wa namna hii, na wazee wa namna hii.

Riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu, jambo hilo halina mabishano. Na jembe ni heshima. Hapana Mfipa anayeona haya kulima. Lakini baba wadogo wale, pamoja na heshima yao, wamekosea mahali pamoja. Hawakuuliza fedha zile ni za nani.

Tufanye hesabu pamoja. Kijana alikuwa akipata shilingi 240,000 kwa mwezi. Kwa sheria, mtumishi wa kampuni au mtu binafsi huwekewa akiba katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, kwa kadiri ya asilimia 20 ya mshahara. Nusu hutolewa na mwajiri, na nusu hukatwa kwa mtumishi mwenyewe. (Watumishi wa serikali wana mfuko wao, PSSSF, nao hukatwa asilimia 5, na mwajiri hutia 15.) Basi kila mwezi shilingi 24,000 zilitoka katika jasho la kijana, na 24,000 nyingine zilimpasa mwajiri. Kwa miezi 20 ni shilingi 960,000. Na fao analoomba ni asilimia 33.3 ya mshahara wake, kwa miezi sita tu: yaani shilingi 79,920 kwa mwezi, jumla 479,520. Wasomaji wangu, hiyo ni nusu ya kilichopaswa kuwekwa kwa jina lake. Nani aitwaye mwombaji kwa kudai nusu ya akiba yake?

Yafaa vijana wajue kwamba mambo haya hayakuanza jana. Akiba ya wafanyakazi ilianzishwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1964. Sheria ya mwaka 1997 ikaigeuza kuwa NSSF. Kwa miaka mingi mtu aliyeacha kazi aliweza kuchukua michango yake yote akaondoka, na watu waliita fao la kujitoa. Mwaka 2012 palitungwa sheria ya kulizuia, wafanyakazi wa migodini wakapiga kelele kubwa, na serikali ikarudi nyuma. Ndipo mwaka 2018, ilipotungwa sheria ya kuunganisha mifuko ya watumishi wa umma, likaja fao hili la kukosa ajira mahali pa lile la kujitoa. Wako wanaolilaumu hata leo, wakisema fedha ni zangu, nipeni zote. Mimi naona wana haki katika hasira yao na hawana haki katika hesabu yao, kwa maana nimewaona watu waliochukua zote wakazimaliza kwa msimu mmoja, kisha wakauzeekea umaskini. Lakini mwenye njaa ya leo huwezi kumhubiria uzee, na serikali iliyoshika fedha za mtu kwa ajili ya uzee wake imejifunga kutomchelewesha katika kile kidogo ilichomwachia cha sasa.

Sasa tuje kwenye masharti, kwa sababu humo ndimo shida ilimofichika. Mwombaji awe amechangia si chini ya miezi 18. Asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Awe ameachishwa, au mkataba wake umekwisha. Na asiwe amepata ajira nyingine. Kijana wetu alifanya kazi miezi 20, kwa hiyo alidhani amevuka. Alipoonyeshwa daftari la Mfuko, akakuta miezi 16.

Miezi minne imekwenda wapi? Karatasi zake za mshahara zaonyesha kwamba alikatwa kila mwezi bila kukosa. Mwajiri alikata, hakupeleka.

Hapa nataka niwasimulie jambo la marehemu baba yangu. Katika miaka ya 1950 aliondoka Ufipa kwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda wanaume wengi wa uwanda huu siku zile, wakaitwa manamba. Mshahara wao ulihesabiwa kwa kipande, nacho kilikuwa kadi ya siku 30, na kila siku mtu alipotimiza kazi yake aliwekewa alama. Kipande kikijaa, analipwa. Kisipojaa, angoje. Baba hakujua kusoma, lakini hakuwa mjinga. Alisokota kamba ya mkonge, na kila jioni akafunga fundo moja. Mwisho wa kipande kimoja kamba yake ilikuwa na mafundo 30, na kadi ilikuwa na alama 26. Akaipeleka kamba kwa karani. Karani akacheka, na nyapara naye akacheka, wakamwambia kwamba kamba si karatasi. Hakulipwa mpaka alipofanya siku nne nyingine. Alirudi Ufipa na kamba ile, akaitundika ukutani miaka mingi, mpaka mama yangu alipoichukua siku moja kufungia mbuzi, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya maana iliyopata kufanya.

Siku nne za baba na miezi minne ya kijana wa Laela ni ndugu. Tofauti ni kwamba kijana ana karatasi. Kwa hiyo mama, nakuomba usimruhusu kuacha, na wala asiende tena dirishani kuuliza tu, "Fao langu limefika?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja, nalo ni "Bado." Na aende na karatasi zake za mshahara zote 20, barua ya kuachishwa kazi, na mkataba, aseme: "Mwajiri wangu alinikata miezi hii minne, hamkuletewa, nami naomba mmdai." Kumdai mwajiri ni kazi ya Mfuko kisheria, na mwajiri anayechelewesha michango hutozwa adhabu juu ya deni. Malalamiko hayo ayaandike, ayatie sahihi na tarehe, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ule, amefunga fundo katika kamba.

Juu ya jina kutolingana, hilo lawapata Waislamu zaidi, nami husikitika nikiliona. Mtoto aliitwa Yusufu katika akika. Mwalimu akamwandika Yusuph. Kitambulisho cha taifa kikatoka na Yusuf. Athumani akawa Othman, na Shabani akapoteza herufi yake ya mwisho njiani. Kila karani aliandika alivyosikia, na hapana aliyeona kosa mpaka siku ya kudai haki. Kijana na aape hati ya kiapo ya jina mbele ya wakili au hakimu, kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Na ninyi wazazi wenye watoto wachanga, chagueni tahajia moja, muiandike ukutani ikibidi, na cheti cha kuzaliwa kifuate hiyo hiyo.

Liko jambo jingine ambalo halingoji, nalo ni muda. Mtu anayeona ameachishwa kazi bila haki hupewa siku 30 tu za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Hizi ni kanuni za mwaka 2007. Kijana wetu amekwisha kupitwa na zote mbili, kwa sababu alikaa akingojea fao, akidhani mambo yote ni mamoja. Si mamoja. Kiinua mgongo, mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo asiyochukua, nauli ya kumrudisha alikochukuliwa ikiwa aliajiriwa mbali, na cheti cha utumishi, vyote hivyo humpasa mwajiri kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wala havihusiani na dirisha la Mfuko. Kwa aliyetimiza mwaka kazini na kupunguzwa, kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Ni kidogo, lakini ni chake. Aliyechelewa aweza kuiomba Tume imsamehe kwa kueleza sababu nzuri, na Tume hukubali au hukataa. Mwingine anayesoma ukurasa huu na ameachishwa juzi, asimalize mwezi nyumbani.

Niseme sasa na waajiri, kwa maana najua wamo miongoni mwa wasomaji wetu: wenye magari, wenye mashine za kukoboa, wenye maduka ya jumla pale Sumbawanga, na wenye shule. Ndugu yangu, Mtume s.a.w. aliagiza kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Wewe umemkata sehemu ya ujira huo, ukamwambia unampelekea mahali salama, kisha ukanunulia matairi. Kile si mkopo, kwa kuwa hukumwomba. Ni amana. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara madeni ya michango isiyopelekwa, lakini hukumu ya jambo hili haingoji mkaguzi. Na tena, katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, Mwenyezi Mungu ameshughulika na nini? Ameamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo anayesema kwamba karatasi ni mambo ya ofisini tu, na dini ni ya msikitini, na aifungue aya hiyo aisome polepole.

Nawe kijana, haki ina pande mbili. Siku utakapopata ajira nyingine, fao hukoma. Usiifiche ajira hiyo ili upate miezi iliyobaki. Utakuwa umejifunza kwa yule aliyekukata.

Linaloniogopesha zaidi katika barua ya mama huyu limeandikwa pembeni, kama kwamba si kitu. Asema kwamba mwezi wa pili, chakula kilipopungua, kijana alichukua fedha kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewaita kausha damu, akaweka rehani mahindi ya mama yangali mabichi shambani. Msomaji wa Ufipa ajua maana yake. Mvua ya masika bado inanyesha, gunia halijaonekana, na tayari lina mwenyewe mwingine, kwa bei aliyoipanga yeye. Hiyo riba itakula zaidi ya fao zima, hata likilipwa kesho.

Basi niwageukie baba wadogo. Mwamwambia ashike jembe, vema, ameshika. Je, shamba la kulima mmempa? Deni lile mmeuliza ni kiasi gani? Miongoni mwa wanane wanaostahili zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60, wamo wenye madeni. Msikiti wa mahali hapo una watu wanaotoa zaka kila mwaka baada ya mavuno, na aghalabu hugawiwa wazee na yatima tu, nao wanastahili. Lakini kijana aliyenaswa na mkopeshaji kwa kungojea haki yake hupitwa kwa sababu ana mikono miwili mizima. Afadhali ndugu watatu walipe deni lile leo, nusu kwa mkopo wa wema usio na nyongeza, naye awarudishie fao likitoka, kuliko kumwachia mkopeshaji afike na lori wakati wa mavuno.

Nilimwandikia mama majibu haya kwa ufupi kabla ya kuyapeleka kwa mchapaji, naye amenijibu juma lililopita. Hati ya kiapo imekwisha patikana. Malalamiko yamepokelewa kwa muhuri. Mwajiri, baada ya kuandikiwa, amepeleka miezi miwili kati ya ile minne, na hivyo daftari sasa lasoma 18. Fao lenyewe bado. Baba mdogo mmoja ameuza mbuzi wawili, akapunguza deni la mahindi kwa nusu. Wa pili amesema atafikiri. Kijana atapanda basi la alfajiri Jumatatu kwenda Sumbawanga tena, na mama amemshonea mfuko wa kitambaa wa kutilia zile karatasi, kwa sababu mvua bado ipo.