Maafa Hayasubiri Kikao

Nchi yetu haina upungufu wa sheria za maafa. Kwa upande wa Tanzania Bara, Bunge lilitunga Sheria ya Uratibu wa Misaada ya Maafa mwaka 1990, likatunga Sheria ya Usimamizi wa Maafa mwaka 2015, kisha likaifuta hiyo na kutunga nyingine, Namba 6 ya mwaka 2022, ambayo ndiyo inayotumika. Zanzibar nayo ilikuwa na sheria yake ya mwaka 2003, na baadaye Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria Namba 1 ya mwaka 2015 ambayo chini yake inafanya kazi Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa.

Kwa hiyo hatuandiki leo kudai itungwe sheria nyingine. Tunadai hizi zilizopo zishuke kutoka makabatini hadi kwenye kata, mtaa, kijiji na shehia. Huko ndiko maafa hutokea, na huko ndiko mtu huokoka au hufa kabla mkubwa yeyote hajapata habari.

Tuchukue mfano wa Kitete, mjini Tabora. Msomaji wetu wa visiwani huenda akauliza: sisi na Kitete tuna nini? Tuna mengi. Tabora ndiyo Unyanyembe ya wazee wetu, kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Nguo na shanga za Unguja zilipita njia hiyo kwenda bara, na kwa njia hiyo hiyo zikateremka pembe za ndovu na, kwa aibu ya zama zile, binadamu wenzetu pia. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mapito hayo hayo. Mzanzibari anayekwenda Kigoma kwa garimoshi hana budi kupita Tabora. Na akipatwa na dhara katika maeneo yale, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete ndiyo tegemeo lake.

Jambo hilo si la kufikirika. Tarehe 22 Juni, 2022, garimoshi la abiria lililokuwa likitoka Kigoma kwenda Dar es Salaam liliacha reli katika eneo la Malolo, kilomita chache kutoka stesheni ya Tabora. Watu wanne walipoteza maisha na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Majeruhi walipelekwa Kitete. Ilikuwa imebaki siku mbili tu itimie miaka 20 tangu maafa ya Igandu, mkoani Dodoma, ya tarehe 24 Juni, 2002, wakati garimoshi la abiria liliposhindwa kupanda mlima, likarudi kinyumenyume kwa kasi na kugongana na la mizigo. Pale Igandu walikufa watu 281.

Na tuyatazame mambo kama yalivyo. Siku ya namna hiyo, anayefika kwanza kwenye behewa lililolala ubavu ni abiria mwenzake, na baada yake ni mkulima aliyekuwa shambani karibu na reli. Mkuu wa Mkoa atakuja, na askari watakuja, na magari ya wagonjwa yatakuja. Lakini wote hao watakuja baadaye. Kama mkulima yule anajua namna ya kuzuia damu isitoke, na namna ya kumbeba aliyevunjika uti wa mgongo bila ya kumzidishia dhara, mtu ataokoka. Kama hajui, huruma yake yenyewe huweza kumuua anayemwokoa. Hospitali nayo haiwezi kutafuta watoa damu wakati majeruhi wamekwisha kujaa mlangoni. Damu hutafutwa kabla, machela huhesabiwa kabla, na orodha ya wauguzi wa kuitwa usiku huandikwa kabla.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti kati ya sheria ya mwaka 1990 na hizi zilizofuata. Ile ya kwanza jina lake lilijieleza: ilihusu kuratibu misaada. Maafa yakishatokea, Serikali ikusanye mablanketi, unga na dawa, iwapelekee waliofikwa. Sheria zilizofuata zimebadili neno, zikasema usimamizi. Na usimamizi maana yake ni kuzuia, kujitayarisha, kuokoa na kujenga upya. Zimeweka kamati tangu ngazi ya Taifa, zikapita Mkoa na Wilaya, hadi Kata na Kijiji. Hayo ni mageuzi makubwa ya fikra, na twayasifu. Lakini sheria imehama mwaka 1990 na mazoea yetu bado yamebaki huko. Bado wako viongozi ambao kazi ya maafa kwao ni kukabidhi magunia ya unga mbele ya wapiga picha. Unga ni wa lazima kwa mwenye njaa, wala hatuubezi. Hata hivyo, kiongozi anayeonekana siku ya kugawa unga tu, ambaye hakuonekana siku ya kuzibua mfereji, amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi.

Wenzetu wa visiwani wanayajua haya kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu wengi mno kuliko uwezo wake. Miongoni mwa waliowatoa watu majini walikuwemo wavuvi, kwa vyombo vyao wenyewe. Haikutimia hata mwaka, tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Huko Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Tarakimu hizo zina somo. Zanzibar ilikuwa na sheria ya maafa tangu mwaka 2003, na kanuni za usafiri wa majini zilikuwepo pande zote. Wala haikuhitajika elimu ya juu kujua kwamba chombo cha watu 101 hakichukui mara mbili yake. Kilichohitajika ni mtu mmoja gatini, mwenye daftari na kalamu, aliye tayari kusema "basi, chombo kimejaa", na mkubwa wake aliye tayari kumuunga mkono watu wanapomzomea. Sheria nzima ya maafa humwangukia mtu huyo mmoja. Akilegea, au akilegezwa kwa bahasha, hakuna kamati ya Taifa itakayoweza kuziba pengo lake.

Wako watakaotujibu kwa msemo uliozoeleka kwamba ajali haina kinga. Twakubali kuwa kudra ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini tumefunzwa pia, tangu chuoni tulipokuwa watoto, kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo hutawakali. Mvua kubwa ni kudra. Nyumba iliyojengwa katika mkondo wa maji kwa kibali chenye mhuri wa ofisi si kudra. Upepo ni kudra; chombo kilichong'oa nanga baada ya tahadhari kutangazwa si kudra. Haifai kumsingizia Mungu uzembe wa karani.

Wala mtu asidhani kwamba kujitayarisha ni jambo geni lililoletwa na wafadhili. Misafara ile ya Unyanyembe haikuondoka ovyo. Kirangozi aliyetangulia mbele alijua maji yako wapi na kambi ya usiku itakuwa wapi. Kila mpagazi alijua mzigo wake, na posho iligawanywa kwa hesabu. Safari ya miezi mitatu katika nyika ilitaka mambo hayo, na msafara uliopuuza ulikwisha njiani kwa njaa au kwa ndui. Ikiwa watu wasiokuwa na simu wala redio waliweza kupanga hivyo, sisi tutatoa udhuru gani?

Leo redio tunazo, na tahadhari tunazipata. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri kwa Muungano mzima; mawingu hayana Bara wala Visiwani. Mwezi Mei, 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, tahadhari ilitolewa mapema na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Huo ndio mwendo unaofaa, nasi twaupongeza. Ikumbukwe kwamba vimbunga si hadithi kwetu: kile cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Lakini mwaka huo huo wa 2024, kabla ya Hidaya, Waziri Mkuu alilieleza Bunge tarehe 25 Aprili kwamba mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha kuua watu 155. Mvua hizo zilitabiriwa. Utabiri ulifika redioni na magazetini. Lazima tuulize ulifika vipi kwenye mtaa, nani aliupokea, na alikuwa na uwezo gani wa kuwahamisha watu wa bondeni.

Hapa tunataka kuwaambia maofisa wa pande zote mbili jambo moja la wazi. Maafa si jambo la Muungano. Kila upande una sheria yake na ofisi yake, Bara chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu na Zanzibar chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Hatuna ugomvi na mpango huo. Lakini abiria huvuka maji, na aliyekata tiketi Wete huweza kulazwa Kitete. Hapana budi ofisi hizi mbili ziwe na utaratibu unaojulikana wa kupashana majina ya waliofikwa, ili mama aliye Pemba asikae siku tatu bila kujua kama mwanawe yu hai.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kusubiri msaada kutoka nje.

Kwanza, majina ya wajumbe wa kamati ya maafa yabandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya kata, mtaa, kijiji na shehia, pamoja na namba za simu. Kamati ambayo wananchi hawawajui wajumbe wake haipo.

Pili, kila kamati ifanye zoezi la uokoaji angalau mara moja kwa mwaka, ikianza na maeneo ya hatari yanayofahamika: kando ya reli, gatini, mabondeni na sokoni. Vijana wafundishwe huduma ya kwanza, na wavuvi wapewe nafasi ya heshima katika mafunzo hayo, kwa kuwa wamekwisha kuonyesha kazi yao.

Tatu, orodha ya abiria, watoto wakiwemo, iandikwe kabla ya chombo au garimoshi kuondoka, na nakala ibaki nchi kavu. Atakayezidisha abiria achukuliwe hatua siku hiyo hiyo, asingojewe mpaka iundwe tume.

Nne, halmashauri zitenge fedha za kujitayarisha katika bajeti zao, kidogo kidogo lakini kila mwaka. Mfuko wa Taifa hauwezi kuwa kisingizio cha kata kukaa mikono mitupu.

Kiongozi wa ngazi yoyote anayesoma maneno haya ajiulize leo: kama garimoshi litaanguka tena usiku huu karibu na kata yake, au chombo kitazama karibu na shehia yake, ni nani atakayepigiwa simu wa kwanza, naye atakuja na nini mkononi? Mwenye jibu, twampongeza na aendelee. Asiye na jibu aitishe kamati yake wiki hii, wala asingoje waraka, kwani sheria imekwisha kumpa madaraka hayo.