Sambusa za Karonga na wali wa kwenye hotpoti

Saa kumi na moja alfajiri, mama wa Kyela anayesafiri na watoto kwenda Karonga huwa ameshaamka. Kabla hajakagua hati za safari, anakagua jiko. Wali unapakuliwa ukiwa bado unafuka, samaki wa kukaanga wanafungwa pembeni, na watoto wanapewa onyo moja kabla ya kupanda gari: wakifika ng’ambo, marufuku kulakula barabarani.

Onyo hilo linatokana na upendo. Lakini ikifika saa nane mchana, watoto wakiwa chini ya mwembe wanakula wali ule uliobaki uvuguvugu, huku hatua chache tu kutoka hapo sambusa zinaopolewa kwenye mafuta yanayochemka, chakula cha kutiliwa shaka zaidi ni kile cha kwenye hotpoti.

Kwa familia nyingi za Kyela, nje ya nchi ni ng’ambo ya daraja tu. Mto Songwe unavukwa pale Kasumulu, na mji wa Karonga uko kilomita zipatazo 50 kusini, kandokando ya ziwa lilelile ambalo Watanzania huliita Nyasa na Wamalawi huliita Malawi. Kinyakyusa cha upande huu na Kingonde cha upande ule ni ndugu wa karibu, kiasi kwamba bibi anaweza kusalimia na kupatana bei bila mkalimani. Watu huvuka kwa harusi, misiba, biashara, au kumwona shangazi aliyeolewa huko. Watoto wao husafiri kwa ajili ya vile vinavyouzwa njiani.

Na vipo vingi, kwa bei ambayo mzazi mwenye watoto watatu anaimudu. Mandazi huko huitwa mandasi, togwa huitwa thobwa, dagaa wa ziwani ni usipa. Kuna zitumbuwa, vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa mahindi, na chipsi zinazokaangwa juu ya bati pana liitwalo chiwaya. Katikati ya vyote hivyo zipo sambusa na chapati, ambazo hazihitaji kutafsiriwa. Vyakula hivi vina asili ya Asia: sambusa ilianzia Uajemi ikatembea hadi India na nchi za Kiarabu, na chapati ilikuja na jina lake kutoka India. Leo vinauzwa na wanawake wa pande zote mbili za Songwe, na mtoto wa Kyela anayeagiza sambusa Karonga hajioni mgeni hata kidogo.

Mchele wa Kyela, ule unaogombewa Mbeya na Dar es Salaam, nao asili yake ni mpunga wa Asia. Tatizo lake safarini ni bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayeishi kwenye udongo na kuingia jikoni pamoja na mchele. Bakteria huyu hujifungia ndani ya ganda gumu linalostahimili kuchemka. Wali ukiwa wa moto sana, hawezi kuzaliana. Ukishapoa na kubaki uvuguvugu kwa saa kadhaa, huzaliana na huweza kutoa sumu. Kuupasha wali wakati huo hakusaidii, kwa sababu sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kawaida wa jikoni. Mtoto anaweza kuanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula, na mara nyingi lawama huangukia kipande cha chapati alichopewa njiani.

Hotpoti nzuri husaidia, ilimradi chakula kibaki juu ya nyuzi joto 60. Hotpoti iliyofunguliwa mara tatu njiani kumnyamazisha mdogo haifiki mchana na joto hilo, sembuse katika joto la bondeni Kyela, ambako chakula kilichopoa huharibika upesi. Kanuni ya kawaida ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye ubaridi au moto wa kutosha. Wali wa alfajiri uliwe asubuhi, hapo mpakani wakati wa kusubiri foleni, na yaishe.

Mchana, mzazi anaweza kusimama mbele ya karai bila hofu, lakini kwa macho. Swali la kuuliza ni moja: “Dada, hizi zimekaangwa saa ngapi?” Kama jibu ni “Subiri mama, zinatoka sasa hivi,” basi asubiri. Sambusa iliyoiva na kupata joto hadi katikati ni salama kuliko nzuri ya kutazama iliyokaa kwenye kasha la kioo tangu asubuhi. Za nyama zipasuliwe kwanza, mtoto asianze kula kabla ya mzazi kuona kama ndani pako moto. Mwuzaji anayeshika pesa na chakula kwa mkono uleule bila kunawa aachwe, hata kama ni mcheshi na anaongeza nyongeza. Kuhusu gazeti la kufungia, mafuta ya moto hubeba wino. Gazeti, hata lenye ukurasa huu, halikutengenezwa liwe sahani.

Hatari ya barabarani hasa iko kwenye vitu baridi: kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana, tikiti lililokatwa likaachwa wazi, barafu za mifuko, juisi ya ndooni. Thobwa hupikwa kwanza, na uchachu wake huzuia vijidudu vingi, lakini ikiongezwa maji mabichi au ikipakuliwa kwa kikombe kinachozunguka midomo ya watu kumi, faida hiyo inapotea. Mama anayemkataza mwanawe sambusa ya moto, kisha akamnunulia juisi ya baridi ili anyamaze, amekosea hesabu.

Malawi inalijua hili kwa uchungu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza huko Machi 2022 ulikuwa mbaya kuliko yote katika historia ya nchi hiyo, na uliua zaidi ya watu 1,700. Kyela nayo si mgeni wa ugonjwa huo. Maji ya kunywa yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa, au yawe ya chupa iliyofungwa, na kipande cha sabuni kiwe kwenye mkoba.

Mkoba huohuo uwe na pakiti mbili tatu za ORS. Mtoto akianza kuhara, pakiti ichanganywe kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Wa chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, mzazi angoje dakika kumi, aendelee kwa kijiko polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mhudumu wa afya ataongeza zinki, ya siku 10 hadi 14. Antibayotiki za kubahatisha dukani ziachwe.

Safari ikatishwe na kituo cha afya kilicho karibu kitafutwe, uwe upande wowote wa mpaka, iwapo mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, analegea, macho yamezama, choo kina damu, au kinatoka kwa wingi kikifanana na maji yaliyooshewa mchele. Hali hiyo ya mwisho haisubiri hadi kuvuka daraja, kwani kipindupindu kinaweza kumuua mtoto ndani ya saa chache.

Zinabaki sambusa za kumpelekea bibi Kyela, maana hakuna anayerudi mikono mitupu. Zinunuliwe mwisho kabisa, wakati gari linaondoka, zifungwe kwenye chombo safi, na zikifika zirudishwe kwenye karai hadi zitoe mvuke. Foleni ya mpakani ikila zaidi ya saa mbili, ni afadhali abiria wazile hapohapo, na bibi apelekewe sukari.